Daftari la Usiku wa Kupatwa kwa Mwezi

Tulikuwa watano juu ya jabali, Hombolo,
na darubini moja ya kuazima.
Wingu likakaa mbele ya mwezi
kama mgeni asiyejua kuaga.

Sijui nani alianza habari ya mlenda.
Lechipya, aliyekuja na jedwali la sekunde kwa sekunde,
akaapa kuwa mkavu unateleza kuliko mbichi.
Sechelela akacheka mpaka akakohoa:
"Wewe wa Area C, uliyekuzwa na chipsi,
mlenda umeusomea wapi?"

Tukahamia kwa mwenye nyumba wa Chilongani
anayehesabu ndoo za maji,
kisha kwa mbuzi aliyetafuna
kumbukumbu za mvua za miezi mitatu,
kisha tukarudi kwenye magadi,
na hapo ndipo sauti zilipopanda.

Tulipoinua macho
wingu lilishajiondokea.
Mwezi ulikuwa umeshapatwa, umeshaachiwa,
mweupe, umenyamaza
kama jirani aliyesikia yote.

Kwenye daftari, mstari wa saa sita na robo,
kuna mwandiko wangu:
*magadi kidogo tu, karanga mwishoni.*

Lile jedwali
tulifungia karanga zilizobaki.