Kujaza Upepo

Barabara ya Kumi na Moja, Ngamiani,
mimi ndiye fundi mwenye beseni la bluu.
Tyubu nikiizamisha majini nikaikamua
pancha hujisema yenyewe, mapovu juu.
Nakausha, napiga msasa, nabandika kiraka.
Mia tano. Nenda.

Kisha nikampata Mwantumu.

Miaka tisa, na tumbo linalomkunja
kama karatasi ya mtihani aliofeli mtu.
Ukimuuliza wapi, hakuoneshi kwa kidole;
huweka kiganja kizima juu ya kitovu
akakizungusha polepole, kama anayefuta ubao.

Bibi yake wa Muheza kasema: chango.
Kachemsha mizizi, kamfunga uzi mweusi kiunoni.
Dawa za minyoo tukamnywesha.
Maziwa tukaacha, maharage tukaacha,
pilipili, ambayo hajawahi kuionja, tukaacha.
Kule Bombo wakampaka mafuta ya baridi,
wakapitisha kile kidude, wakakodolea kioo.
Nikakodoa nami, natafuta mapovu.
"Hakuna kitu," akasema yule kijana,
akitabasamu kama anayenirudishia chenji.

Hakuna kitu.
Neno hilo lilifika mtaani kabla yetu.
Mwalimu Shemdoe akaandika kwa wino mwekundu:
mtoro wa Jumatatu.
Wenzake wakambandika jina: Tumbo Joto.
Mama yake, kachoka, wala simlaumu,
siku moja akamwambia, basi, imetosha, acha.
Akaacha.
Hakuacha kuumwa. Aliacha kusema.
Saa kumi alfajiri nilimkuta uani
ameng'ata upindo wa kanga.

Mimi fundi, na nilikuwa nimesahau.
Kuna tyubu, muulize fundi yeyote wa Tanga,
utaichovya mara saba
na maji yatakaa kimya, yametulia tuli.
Ilaze usiku. Asubuhi gurudumu limekaa chini.
Nimezishika nyingi mno.
Sijapata kuiambia hata moja: wewe mwongo.

Safari ya nne alikuwapo Daktari Mntangi,
mama mfupi, miwani imefungwa kwa uzi.
Hakuniuliza mimi.
Alimuuliza mwenyewe: mwezi uliopita
umecheza rede siku ngapi?
Umelala mpaka kukucha mara ngapi?
Mwantumu akahesabu, akarudia,
vidole vikambakia vingi.
Rede, siku tatu. Usingizi, siku nne.
Harusi ya mamdogo wake Pongwe
aliiona kwenye simu.
Nami, baba mtu, nilikuwa nimehesabu vidonge tu.

"Najua linauma," daktari akasema.
Mwantumu akageuka kunitazama
aone kama nimesikia.

Sasa kila asubuhi tunajaza upepo.
Mkono wangu juu ya mkono wake, juu ya tumbo:
vuta, moja mbili tatu nne, toa,
taratibu, pampu kuukuu haitaki papara.
"Leo limejaa kiasi gani?"
"Nusu."
"Nusu inatufikisha wapi?"
"Kwenye mlingoti wa bendera. Labda mpaka uji."
Haya, panda karia.
Siku nyingine haifiki hata kona ya Makorora,
tunageuza, wala sisemi kitu.

Jana alirudi amenuna, analalamika njia nzima
kwamba wamemtoa wa kwanza, wamemwonea.
Mgongoni, katikati ya shati jeupe,
duara la vumbi, ukubwa wa mpira wa matambara.
Mama yake akanyanyua mkono alipanguse.
Nikamshika.
Liache kwanza.