Saa Nane

Uliniambia kwa simu, Lugano, kutoka Iringa,
wenzako bwenini wakikata maneno kwa kelele:
"Baba, taa ya samaki, saa nane."
Nikakata simu nimeelewa.

Basi nikawa nawasha alfajiri, kabla sijabandika uji,
nakesha kitini hadi saa nane ya usiku,
blanketi mabegani, mvua ya Tukuyu juu ya bati
ikisema lilelile ililosema jana.
Ikifika saa nane nazima, nalala.
Kijana kanipa zamu, nikasema, sitaitoroka.

Wiki ya kwanza ilikuwa sherehe.
Majani yalitoa vipovu vya fedha,
kimoja, kimoja, kama mtu anayehesabu chenji.
Wiki ya pili kioo kikaota vumbi la kijani.
Nikalifuta kwa kidole; kesho yake limerudi.
Wiki ya tatu, nyuzi,
nywele ndefu za mwani zimeisuka mimea yako kama mkeka,
maji yamekuwa rangi ya mlenda,
samaki nawaona kwa kubahatisha:
mkia hapa, jicho kule.

Nikadhani ni njaa ya mwanga. Nikaongeza balbu.
(Uniti za LUKU zilikwisha tarehe kumi na moja.)
Na pazia la mashariki nikalipiga fundo
ili jua, likijaliwa kutoka, liwafikie nao.

Miaka ishirini na sita nimelea kitalu cha chai.
Miche naijengea chanja, natandika mabingobingo juu,
namfokea kibarua anayefunua mapema:
"Mche hunyweshwa mwanga kwa kijiko!"
Mimi huyohuyo, ndani ya nyumba yangu,
nimemimina kwa ndoo,
na asiyealikwa ndiye aliyeshiba.

Ulicheka mpaka simu ikakoroma.
"Saa nane za kuhesabu, baba! Si saa nane ya ukutani."

Sasa nawasha saa nne asubuhi, nazima saa kumi na mbili.
Dirishani nimetundika khanga ya mama yako,
ile ambayo maneno yake yamefifia nusu.
Kioo nimekikwangua kwa kadi ya bima iliyokwisha muda,
nyuzi nimezizungusha kwenye mswaki, nikazivuta kama tambi.
Maji hayajatakata sawasawa.
Wamezuka konokono wawili, sijui walikotoka.

Lakini jana, saa kumi na moja na nusu,
taa bado inawaka,
nikauona ule mmea wako wa nyuma, wenye vidole,
unafumba majani, jani baada ya jani, kuelekea juu.
Haukusubiri swichi.

Mimi ndiye sijazoea.
Saa nane ya usiku bado inaniamsha.
Nainuka, napapasa ukuta, nafika:
samaki wametulia, macho wazi,
na hakuna cha kuzima.