Kengele ya Chumba cha Tisa

Zamu ya pili mfululizo. Lowell, theluji hadi dirishani,
Kemunto anapima presha za wazee wa watu.
Mia na thelathini. Mia na ishirini na sita.
Anaandika, anawafunika hadi kidevuni.
Mkono wake mwenyewe hajaufunga ule mkanda
tangu mwezi wa Machi.

Vidonge vyake anavikata kwa kisu cha mboga,
nusu leo, nusu keshokutwa,
maana karo ya Ogeto haikatwi nusu,
wala mabati ya nyumba ya mama.
Supu ya kopo, chumvi tele,
anainywa wima kando ya mashine ya kufulia;
usingizi ni saa nne, garini, pazia ni koti.
"Kichwa tu," husema. "Ni hii baridi."

Kanisani tulinong'ona kuwa ni jicho la mtu.
Babake naye, kule Nyamira, tulisema alirogwa
alipoanguka na jembe mkononi.
Hakuna aliyeuliza presha yake ilikuwa ngapi.

Saa kumi alfajiri kijiko kilimponyoka.
Akacheka. Kicheko kikainuka upande mmoja.

Aliyeona ni Bwana Pelletier,
aliyenyang'anywa maneno na ugonjwa uo huo;
mwaka wa sita huu hawezi kutamka hata "maji."
Kwa mkono uliomsalia akaikamata kengele,
akaibana,
akaibana,
hadi korido nzima ikaja mbio.

Leo nimemnunulia mkanda.
Anaufunga kwa mkono wa kushoto na meno.
Namba anazisoma polepole, anazirudia,
na mimi naandika.