Nukta Mbili

Hapa Klaipėda nachora majina ya marehemu kwa kompyuta,
na fundi Gintautas huyachonga kwenye mawe.
Kazi ya polepole.
Wateja wangu hawalalamiki,
hulalamika wanaowazika.

Jumanne moja ya theluji skrini ikaota mistari ya kijani
kama nyasi juu ya kaburi lisilo na mwenyewe,
kisha ikazimika katikati ya jina la bibi mmoja,
Teodora. Nilikuwa nimefika kwenye D.

Kadi ya grafiki. Ina miezi saba tu,
na dhamana yake miaka mitatu,
imeandikwa kwa wino wa fedha kwenye sanduku.

Nikapiga simu.
Muziki. Kinanda kimoja, kibwagizo kilekile,
na kila baada ya dakika mbili sauti ya mwanamke
ikiniambia kuwa mimi ni muhimu.
Nikamenya viazi, nikavichemsha, nikavila,
bado ni muhimu.

Wa kwanza, Žydrūnas, akasema: tuma picha ya skrini.
Nikamwambia skrini haionyeshi kitu.
Akasema: basi tuma picha inayoonyesha hivyo.
Nikalipiga picha giza, nikalituma.
Wakajibu: picha yako haionekani vizuri.

Wa pili akataka risiti.
Wa tatu akataka risiti ileile, ila isiwe na mkunjo.
Wa nne akataka sanduku la awali,
lile nililohifadhia vitunguu vya dalia
hadi ardhi ilainike.
Nikavimwaga kwenye beseni, nikafuta udongo,
nembo yao ikabaki inanuka bustani.

Muuzaji akasema ni shauri la kiwanda.
Kiwanda kikasema ni shauri la muuzaji.
Nami katikati, napigwa danadana.

Subira, husemwa, huvuta heri.
Yangu ilivuta barua pepe:
Tafadhali usijibu ujumbe huu.

Kabla ya kuifunga kadi nikachukua rangi ya kucha ya binti yangu,
nyekundu, nikatia nukta moja nyuma, karibu na skrubu.
Sijui kwa nini.
Gintautas naye hutia alama yake chini ya kila jiwe,
pale ambapo hapatazamwi na mtu.

Wiki sita.
Mwana wa Teodora akaja mara mbili,
kofia mkononi, viatu vikichuruzika sakafuni,
akiuliza mama yake atamalizika lini.
Marehemu wana subira. Waliobaki ndio hawana.

Hatimaye posta. Kadi "mpya",
imevikwa plastiki inayong'aa kama peremende.
Nikaigeuza nikiitafuta nukta yangu,
hasira nimeshaipiga pasi, imebaki kuvaliwa tu.

Nyekundu haikuwepo.
Palikuwa na nukta ya kijani.
Ndogo, ya mkono usiotetemeka,
karibu na skrubu ileile.

Nikakaa kitako.
Mahali fulani, katika mji ambao labda siwezi hata kuutamka,
mtu alikisikiliza kinanda kile hadi mwisho,
akachemsha chochote kinachochemshwa kwao,
akaitazama kadi yake akawaza: hawa nawajua.
Na yangu, je? Huenda usiku huu
iko mikononi mwa mwingine, anaigeuza, anashangaa.

Nikaichomeka, nikijua.
Mistari ya kijani ikaota palepale, bila hata ya haya.

Sikupiga kelele. Nilimpigia Gintautas,
nikamwambia O, R na A azichore kwa chaki
kama babake alivyokuwa akifanya.
"Nilidhani hutasema kamwe," akajibu.

Kisha nikafungua kile kichupa
na kutia yangu juu ya ile ya kijani, pole pole,
nukta mbili, moja juu ya nyingine,
kama tunavyoziweka katika maandishi
kumwambia msomaji asifunge kitabu,
maneno bado yanakuja.

Nikaomba fomu nyingine.