Nyuzi Joto

Nawadunga hamira chini ya ngozi ya shingo,
panya ishirini na wanne, weupe kama unga wa muhogo,
kisha nangoja homa ipande.
Homa ya kutengenezwa, homa ya kazi,
isiyo na mbu wala mvua nyuma yake.

Kufikia saa nane wamejikunyata pembeni mwa vizimba,
manyoya yamesimama.
Thelathini na tisa nukta moja.
Nyuzi, tunaita, kana kwamba joto limefumwa
na mtu anaweza kushika ncha moja, akavuta,
likafumuka lote.

Kundi la kwanza: panadol iliyopondwa.
La pili: maji matupu.
La tatu: kivumbasi cha nyuma ya jiko la mlinzi.
La nne: majani ya Bi Nyanzobe,
ambayo jina lake hakunipa.
"Likijulikana mjini," alisema,
"keshokutwa kichaka kimebaki visiki."

Aliyaleta mwenyewe kutoka Kayenze,
yamefungwa kwenye ukurasa wa kalenda ya mwaka juzi.
Akavua kandambili mlangoni ingawa nilimkataza.
Akatazama vizimba, akatazama koti langu,
akauliza, "Nani anawashika?"
Nawashika mimi, nikasema, kwa glavu.
"Siyo hivyo. Nani anawashika paji la uso?"

Jedwali langu halikuwa na safu ya swali hilo.

Mara ya kwanza jani lake lilishindwa.
Nilikuwa nimelikausha kwenye tanuri, nikalisaga,
nikapima gramu kwa kilo kama kitabu kinavyotaka.
Homa haikushuka.
Panya wawili walilala, hawakuamka.
Nikampigia simu. Kwanza upepo wa ziwani,
kisha yeye: "Uliweka kiasi gani?"
Nikamwambia.
"Mwanangu, hiyo ya ng'ombe.
Majani saba. Kivulini, siku tatu. Maji yasitokote.
Na mtoto akianza kucheza, acha.
Homa ni mbwa anayebweka;
ukimziba mdomo utalala vizuri,
lakini nani amekwenda kumtazama mwizi?"

Majani saba hayamo kwenye vipimo vya dunia.
Nikayaweka juu ya mizani: gramu mbili nukta nne.
Nikaanza upya, usiku wa giza la dagaa,
taa za wavuvi zimejipanga ziwani
kama mji mwingine usio na hospitali.

Saa ya kwanza, thelathini na nane nukta sita.
Saa ya pili, nukta mbili.
Panadol ilikuwa imeshafika chini, inasubiri.
Kivumbasi kilinukia vizuri, basi.
Maji yalibaki juu pale pale,
na uaminifu wa maji.

Nilikuwa na miaka sita, Igombe,
mama aliponifunika blanketi la kijivu juu ya sufuria,
mvuke wa mkaratusi ukinichoma macho.
Alikuwa na vidonge pia, kavisaga kwenye kijiko cha uji.
Nikapona. Hadi leo sijui nimshukuru nani:
mti, duka la dawa, au kiganja
kilichokuwa kikija na kuondoka gizani.

Mdogo wangu Limbu homa ilimpata mwezi mmoja kabla.
Barabara imekatika, hela hakuna.
Yeye alipata kitambaa na maji.

Mkuu wa maabara anataka sentensi moja ya ripoti.
Jani hushusha homa kwa kiasi, kwa panya,
kwa dozi ndogo; dozi kubwa ni hatari;
kwa binadamu bado haijulikani.
Naisoma mara mbili. Haina uongo ndani yake.
Naweka nukta.

Kabla ya kuzima taa navua glavu ya kulia.
Namba kumi na moja, kundi la pili.
Naweka kidole gumba katikati ya masikio yake,
palipo laini, panapowaka.
Anatulia, au amechoka tu.
Kipimajoto kiko mfukoni.
Sikitoi.