Orodha ya Bonde la Mbwemkuru

Tuliingia na magazeti ya mwaka jana,
kamba, mkasi, daftari la kijiji.
Somoe Nangumi mbele, kisu kiunoni,
akigonga magome kama mtu anayebisha hodi:
"Huyu mtondoro. Huyu mpangapanga.
Huyu mninga, mkwaruze tu, atatoka damu."
Huyu, si huu.
Mimi shuleni Nachingwea nilichapwa kwa kosa hilo.

Nikaandika. Jani nikalilaza
juu ya bei ya korosho ya msimu uliopita,
nikafunga ukurasa.

Mpingo tuliupita mara mbili:
kijiti kilichopinda, miiba tele,
unene wa paja la mtoto
na umri wa kumzidi babu yake Somoe.
Alama nyekundu ubavuni ni ya kuhesabu.
Ya kukata itakuja, au haitakuja;
kamati bado inabishana.

Adhuhuri akachimba ming'oko,
akavunja minne, mirefu, yenye udongo,
kichwa akakirudisha shimoni, akakifukia
kwa kisigino, taratibu,
kama anayefunga mlango wa chumba
alimolala mtoto.

Kando ya maji, mmea wa majani matatu,
ua jeupe lisilozidi ukucha.
Kwa Kimwera hana jina. Kwa Kiswahili hana.
Kitabu cha wilayani, kurasa zote, hayumo.
Namba sitini na moja. Kalamu ikasita.

"Niandike nini?"
Somoe alikuwa anakung'uta upupu kwenye kanga.
"Andika: yupo."