Bugaluu ya Mjomba Kithome

Mwaliko: njoo kihipi. Amani na mapenzi.
Kwa Tindi, Lavington, Jumamosi saa moja jioni,
kila mtu na chupa yake.

Soko la Toi nililizunguka tangu asubuhi.
"Hipi ndiyo nini?" muuza mitumba akauliza.
Nikamchorea duara hewani, na mistari ndani yake.
"Aa," akasema, "Mercedes. Jaribu Grogan."

Ndipo nikaenda Jericho, kwa mjomba Kithome.
Kasha la bati uvunguni, dawa ya nondo ikinipiga puani.
Suruali ya bugaluu, rangi ya papai lililoiva likapitiliza,
mguu chini umepanuka sawasawa na sinia la pilau.
"Fundi Hirji, Mtaa wa Biashara, mwaka wa sabini na mbili.
Nililipa kidogo kidogo, miezi minne.
Nikaivaa mara mbili."

Mbili tu?

Akapuliza chai iliyokwisha kupoa.
Ya kwanza, dansi la Jumapili mchana, Pangani,
raizoni miguuni, afro inagusa mlango.
Ya pili, kazini, Reli.
Karani mkuu akaweka mkasi juu ya faili:
nywele, ama kazi.
"Na mamako alikuwa bado shuleni, karo juu yangu.
Sikumwaga unga. Nilimwaga nywele,
nikapewa na ufagio."

Kwa Tindi, wigi za nailoni, miwani ya duara,
maua ya plastiki masikioni,
meneja wa mikopo peku juu ya nyasi, vidole viwili juu:
amani, amani, dada, nipitishie nyama.
Tukacheza. Sitasema sikucheza;
ile suruali inajua njia, inakutangulia hatua moja.
Zawadi ya nywele ikachukuliwa na wigi.

Saa tisa usiku, mlinzi langoni
akanimulika kurunzi, kuanzia pindo kwenda juu, taratibu.
"Hii ndiyo yenyewe," akasema.
Kofia ya kampuni ilimkaa juu juu,
kama kifuniko cha sufuria inayofura.
Akaangalia nyumba, akaangalia barabara,
akaivua. Rasta zikamshuka mpaka kiunoni.
Akajikuna kichwa, kile kikuno cha raha,
akazikunja tena moja moja,
akaandika nambari ya teksi.

Jumapili nikairudisha, sijaifua.
Mjomba akavaa miwani, akakagua pindo:
divai, mafuta ya mbuzi, nyasi za watu.
"Tatu," akasema.
Kisha akaniuliza huyo mlinzi anaitwa nani.